Wewe Ndiye Pekee Unayeujua Mfumo, na Ndiyo Maana Hupandi Cheo

Swali lililonifikia, kwa ufupi, ni hili. Msomaji ni mhandisi wa programu, mwaka wa saba kwenye kampuni ileile. Mfumo wa malipo wa kampuni ameulea tangu ukiwa mdogo, na wote alioujenga nao wameshaondoka. Ukikwama usiku, simu inayoita ni yake. Mara mbili jina lake limepelekwa ili apandishwe kuwa mhandisi mwandamizi, na mara mbili limerudi kwa sababu moja: "Kazi yako haionekani nje ya timu." Alipoomba kuhamia mradi mpya, meneja akamjibu, "Wewe ni muhimu mno hapo ulipo, siwezi kukutoa." Mradi huo akapewa mwenzake mwenye miaka miwili kazini. Sasa anauliza: niache kazi? Na nikibaki, nizungumze vipi na meneja wangu bila kuonekana mlalamishi? Anaongeza kuwa meneja anamshauri awe kiongozi wa timu "ili cheo kipatikane", naye hana hakika kama anataka kuongoza watu.

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe. Usiandike barua ya kuacha kazi mwezi huu. Na usiendelee kufanya kazi unavyoifanya sasa, hata kwa robo mwaka nyingine. Ukiondoka leo na mazoea yaleyale, kampuni mpya itagundua ndani ya miezi michache kwamba wewe ni mtu wa kuokoa jahazi. Watakukabidhi mfumo wao unaosumbua kuliko yote, na baada ya miaka mitatu utaandika swali hilihili. Kinachokushikilia ni kwamba kazi imekaa kichwani mwako peke yako. Hilo unaweza kuanza kulibadilisha hapo hapo ulipo, huku mshahara ukiingia.

Nikueleze kwanza meneja wako anavyoona mambo, maana nami nimekalia kiti hicho kwa muda mrefu. Aliposema wewe ni muhimu mno hakukudanganya. Kila meneja ana orodha kichwani ya mambo yanayoweza kumharibia wiki. Mfumo wa malipo haumo kwenye orodha yake kwa sababu wewe upo. Akikuhamisha, mfumo huo unaingia namba moja siku hiyohiyo. Hakuna atakayemuuliza kwa nini hakukuhamisha, lakini malipo yakisimama kwa saa mbili atahojiwa na wakubwa wote. Basi kila anapopanga watu, jina lako analiacha lilipo na kujiambia kwamba atalishughulikia robo mwaka ijayo. Hana chuki na wewe. Ni hesabu ya mtu anayekwepa hatari, na kwa upande wake hesabu hiyo inatoka sawasawa kila mara.

Asichokwambia, na pengine hajajiambia mwenyewe, ni kwamba maneno yale ni kukiri deni. Ana mfumo unaoingiza fedha za kampuni na ameuacha juu ya mtu mmoja. Deni ni lake, riba unailipa wewe: kwa usingizi, kwa likizo zinazokatizwa, na kwa miradi inayokupita.

Sasa hili la kazi kutoonekana. Tumekua tukiambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kazi ya aina yako methali hiyo haisaidii hata kidogo. Mradi mpya ukikamilika kuna siku ya uzinduzi, kuna skrini ya kuonyesha, kuna mkurugenzi wa kupiga makofi. Mfumo wa malipo ukitunzwa vizuri, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna anayekuja kumpongeza mtu kwa sababu ya Jumanne iliyopita bila tatizo. Usisubiri watu waione kazi ya namna hiyo, hawataiona. Inabidi uandikwe ushahidi wake, na mwandishi wa kwanza ni wewe.

Kwenye kampuni nyingi zilizokua kiasi, wanaoamua cheo chako hawajawahi kufanya kazi nawe. Ni kikao cha mameneja kadhaa, majina mengi mezani, dakika chache kwa kila jina. Wanasoma ukurasa mmoja au miwili aliouandaa meneja wako, na vyovyote fomu yao itakavyokuwa, wanatafuta mambo matatu: tatizo lilikuwa kubwa kiasi gani, mhusika alilitatua kwa uamuzi wake au kwa kuelekezwa, na nani mwingine amekuwa bora kwa sababu yake. La tatu ndilo linalowakwamisha watu kama wewe. Mtu anayejua kila kitu peke yake hana cha kuonyesha hapo.

Nikupe mfano wa karibu. Ripoti nyingi za wahandisi watunza mifumo nimezikuta na sentensi kama hii: "Alirekebisha hitilafu mbalimbali za mfumo wa malipo na kushiriki zamu za dharura." Mwaka mzima wa mtu umeishia hapo. Sasa tuseme kazi yenyewe ilikuwa hivi, na ikaandikwa hivi: "Benki ilipochelewa kujibu, mfumo wetu ulituma ombi la malipo mara ya pili na mteja akakatwa fedha mara mbili. Nilifuatilia kumbukumbu za seva nikakuta kwamba ombi la pili halikubeba namba ya muamala wa kwanza, kwa hiyo benki iliona ni malipo mapya. Niliweka namba moja ya kudumu kwa kila muamala. Ikifika mara ya pili, benki inarudisha jibu la kwanza na haimkati mteja tena. Malalamiko ya kukatwa mara mbili yalikuwa kama 30 kwa mwezi. Kwa miezi minne sasa hakuna hata moja." Kazi ni ileile. Ya pili mtu asiyekujua anaweza kuisimamia mbele ya wenzake na kuitetea, na ya kwanza hawezi.

Kwa hiyo fungua faili leo. Kila mwisho wa wiki, tenga dakika kumi uandike: kilichovunjika au kilichokaribia kuvunjika, ulichofanya, hali ilikuwaje kabla na ikoje sasa, nani amefaidika. Kama kuna namba, iweke. Kama hakuna, andika jina la idara iliyoacha kulalamika. Usingoje msimu wa tathmini ndipo ukumbuke. Mambo ya miezi minane nyuma hakuna anayeyakumbuka, hata aliyeyafanya.

Lakini ushahidi peke yake hautakutoa hapo. Unaweza kupandishwa cheo kwa maandishi mazuri na bado simu ya saa tisa usiku ikawa yako. Kinachokutoa ni mfumo kuwa na mtu wa pili, na hapa nataka niongee kwa kirefu kidogo, kwa sababu wengi hudhani ni jambo la kuandika nyaraka tu.

Chukua mkasa wa GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wa programu zao mtandaoni. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao mmoja, akifanya kazi usiku akihangaika na hifadhidata iliyokuwa ikisumbua, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Alikusudia ile ya pili, ya nakala, akafuta ile kuu. Alipogutuka na kusimamisha amri, kati ya takribani gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakageukia nakala za akiba. Nakala za kila siku zilikuwa hazifanyi kazi kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya kwamba zoezi limeshindikana zilikuwa zikikataliwa njiani bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya takribani saa sita ilipotea.

Makaratasi yao yalionyesha njia kadhaa za akiba. Hakuna aliyekuwa na jukumu la kujaribu mara kwa mara kama kweli zinarejesha data. Ujuzi wa watu nao uko hivyohivyo. Kampuni yako pengine inaamini kuna nyaraka, kuna michoro, kuna mwenzako "anayeufahamu fahamu" mfumo wa malipo. Kama mwenzako huyo hajawahi kuushika peke yake ukiwa umekwama, nawe simu imezimwa, basi mfumo huo hauna mtu wa akiba.

Kuna mkasa mwingine unaokuhusu zaidi, wa XZ Utils, programu huria ya kubana data inayotumika kwenye mifumo mingi sana ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea. Alikuwa ameshasema hadharani kwamba amechoka na afya yake ya akili haiko sawa, na huku watu wakimsukuma mtandaoni aharakishe kazi. Akajitokeza msaidizi, akafanya kazi nzuri kwa takribani miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo. Msaidizi huyo ndiye aliyepenyeza mlango wa siri kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyekuwa akipima jambo jingine akashangaa kwa nini kuingia kwenye seva kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Kama asingekuwa mtu wa kusumbuliwa na nusu sekunde, matoleo hayo yangeweza kusambaa kwenye seva nyingi mno duniani.

Nakusimulia hili si kwa sababu ya usalama wa mitandao. Mtu aliyelemewa peke yake hupokea msaada wowote unaokuja, kwa namna yoyote unavyokuja. Siku moja utaletewa mtu wa kukusaidia kwa haraka haraka, ukiwa umechoka, na utampa kila kitu bila kumpima kwa sababu unataka tu kulala. Mrithi wako mchague wakati bado una nguvu za kuchagua.

Namna ya kukabidhi ujuzi, basi. Anza na mtu mmoja, si timu nzima. Chagua anayeuliza maswali mengi, hata kama si yule anayeandika msimbo kwa kasi kuliko wote. Wiki za mwanzo kila hitilafu ya mfumo wa malipo mnaikalia pamoja, lakini kibodi ni yake. Wewe unaangalia. Anapokwama, usimwambie jibu. Muulize angeangalia wapi kwanza, kisha umweleze wewe ungeangalia wapi na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo ambayo haijaandikwa popote: kwamba malipo yakikwama mwisho wa mwezi kuna uwezekano mkubwa ni foleni imejaa, na yakikwama baada ya saa sita usiku ni benki fulani iko kwenye matengenezo yake. Aandike yeye nyaraka, si wewe. Wewe umeshasahau kipi ni kigumu kwa mgeni.

Kisha inakuja sehemu inayouma. Itafika siku hitilafu ambayo wewe ungeimaliza kwa dakika ishirini yeye anahangaika nayo kwa saa tatu, na kwenye kikundi cha ujumbe watu wanaanza kukutaja jina wewe. Usiingie. Kama fedha za wateja haziko hatarini, mwache. Jibu moja tu: "Fulani analishughulikia, nipo naye." Wahandisi wengi wazuri wanashindwa hapa. Wanasema wanataka kuachia, lakini kuitwa kunawapa raha, na mtu akichelewa kidogo wanamnyang'anya. Jichunguze kwa uaminifu kwenye hili, maana meneja wako huenda si peke yake anayekuweka hapo.

Mtihani wa mwisho ni likizo. Wiki mbili, simu ya kazi imezimwa, zamu yote ni yake. Utakaporudi, orodha ya mambo aliyoshindwa ndiyo mpango wenu wa mwezi unaofuata. Kwa mfumo mkubwa zoezi zima linachukua kati ya miezi mitatu na sita, na linapokwisha una jibu la lile swali la tatu la kikao cha vyeo: kuna mtu mwenye jina ambaye hakuwa anaweza, na sasa anaweza.

Najua hofu inayokuja hapo: nikimfundisha, si watanifukuza? Sitakudanganya kwamba haitokei kamwe. Ila siri uliyo nayo haikulindi unavyodhani. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilipotangaza kupunguza watu zaidi ya 11,000 Novemba 2022, na Google takribani 12,000 Januari 2023, wapo waliojua wameachishwa pale akaunti zao zilipokataa kufunguka asubuhi, na mameneja wao wa karibu hawakuwa na habari pia. Orodha kubwa za namna hiyo huandaliwa juu sana, mahali ambapo hakuna anayejua kwamba wewe ndiye unayefahamu kwa nini benki fulani hukwama saa sita usiku. Watakugundua baada ya kukuondoa, na hapo haikusaidii kitu. Kinachomlinda mhandisi ni watu wengi kujua anachoweza, ndani ya kampuni na nje.

Tuje kwenye mazungumzo na meneja. Omba muda wa peke yenu, usimvizie kwenye korido wala mwishoni mwa kikao cha timu. Usianze na mwenzako aliyepewa mradi. Hata kama umeonewa, jina la mtu likishatajwa meneja ataanza kutetea uamuzi wake na hamtatoka hapo. Usitishie kuondoka. Tishio hulitoi mara mbili, na ukilitoa bila barua ya kazi nyingine mkononi umelipoteza bure. Mwambie hivi: "Nataka kuwa nimehamia kazi nyingine ndani ya miezi sita, na nataka mfumo wa malipo ubaki salama nikishahama. Nimeandaa mpango wa kumwandaa mtu wa pili. Naomba leo tukubaliane juu yake." Umeondoa ile hofu yake namba moja kabla hajaitaja. Ni vigumu sana kumwita mlalamishi mtu aliyekuja na mpango.

Kisha muulize maswali ya cheo, na unyamaze baada ya kila moja. Ni kitu gani hasa ambacho kikao hakikukiona? Nani mwenye neno la mwisho? Kati ya kazi zilizopo sasa, ipi ikifanyika vizuri itajibu pingamizi lao? Jina langu linaweza kurudi lini? Akijibu "endelea kujituma tu, tutaona," mwombe kwa upole akupe mfano wa mtu aliyepandishwa karibuni na kazi iliyompandisha. Meneja anayejua atakupa mfano. Asiyejua atababaika. Hapo utakuwa umejifunza kwamba hakukutetea vizuri kwenye kile kikao, pengine kwa sababu hakuwa na cha kusema.

Siku hiyohiyo mwandikie barua pepe fupi: "Asante kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa, tumekubaliana kwamba mtu wa pili wa mfumo wa malipo ataanza tarehe fulani, kwamba nitaongoza kazi fulani, na kwamba jina langu litapelekwa tena kwenye tathmini ijayo. Kama nimekosea mahali, naomba unirekebishe." Mameneja hubadilishwa mara kwa mara, na ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

Kuhusu kuwa kiongozi wa timu ili upate cheo: kama hicho ndicho kivutio pekee, kataa. Kuongoza watu ni kazi nyingine kabisa. Siku yako itakuwa mazungumzo, kuajiri, kupatanisha, kumwambia mtu mzima kwamba kazi yake hairidhishi na kumtazama usoni ukimwambia. Wapo wanaoipenda na wanaifanya vizuri. Wapo pia waliobebeshwa kama zawadi, tukapoteza mhandisi mzuri na kupata meneja anayeandika msimbo usiku kwa siri. Kampuni nyingi za programu siku hizi zina ngazi mbili, ya mameneja na ya wahandisi, na ya wahandisi inafika juu kabisa. Uliza kama yenu ipo. Ukivutiwa kidogo, omba ujaribu kwa miezi sita, na makubaliano ya kurudi kwenye uhandisi bila kushushwa yawe kwenye maandishi.

Niseme na meneja wako pia, kwa kuwa unaweza kumwonyesha sehemu hii.

Bwana meneja au mama meneja, mtu huyu anakaribia kuondoka na wewe ndiye wa mwisho kujua. Kila alipoamka usiku ulimshukuru mbele ya timu, kisha ukampa mtu mwingine mradi mpya. Timu nzima ilitazama na kujifunza: hapa anayeokoa hupongezwa, anayejenga hupandishwa. Ndiyo maana hakuna anayejitokeza kujifunza mfumo wa malipo. Hawana uvivu. Wameona ulivyomfanyia aliyeujua.

Hesabu usiku alioamshwa kwa miezi sita iliyopita. Kama huwezi kuhesabu kwa sababu hakuna anayerekodi, hilo ni la kwanza kurekebisha. Google, ilikoanzia kazi ya uhandisi wa uimara wa mifumo mwaka 2003, iliwawekea wahandisi hao kikomo: shughuli za uendeshaji na za dharura zisizidi asilimia 50 ya muda wao, na zikizidi, mzigo unarudi kwa waliojenga mfumo. Huhitaji kuwa na ukubwa wa Google ili kuweka kikomo. Unahitaji tu kukiheshimu kinapovukwa. Na mtu wa pili umweke sasa, mambo yakiwa matulivu. Fred Brooks, aliyesimamia ujenzi wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wenyeji huacha kazi wawafundishe wageni. Ukisubiri barua ya kuacha kazi, una muda wa notisi tu wa kuhamisha miaka saba. Haitoshi, na unajua haitoshi.

Na kama ukweli ni kwamba bajeti ya vyeo haipo mwaka huu, mwambie. Mtu mzima anaweza kupanga maisha yake akipewa ukweli mchungu. "Kazi yako haionekani" lilipaswa kuwa jukumu lako kuishughulikia, kwa sababu mtu aliyeajiriwa kuionyesha kwa wakubwa ni wewe.

Narudi kwako, ndugu yangu. Mpe meneja wako robo mwaka mbili kuanzia siku ya mazungumzo. Mtu wa pili akipatikana na kazi mpya ikaanza, kaa, hata kama cheo kimechelewa kidogo. Ikiwa baada ya robo mwaka ya kwanza mtu wa pili "bado anatafutwa", umeshajibiwa.

Usaili uanze kuufanya sasa hivi, kimyakimya, nje ya saa za kazi na bila kutumia kompyuta ya kampuni. Unahitaji kujua soko linakuonaje kabla hujafanya uamuzi wowote. Huko usijitambulishe kama mtunza mfumo wa zamani. Eleza ule mkasa wa kukatwa mara mbili tangu dalili hadi ufumbuzi, na eleza ulivyomwandaa mrithi. Wasaili waliobobea wanajua thamani ya mtu aliyeishi na matokeo ya maamuzi yake kwa miaka saba. Wengi wanaowahoji huwa wameondoka kabla msimbo wao haujaanza kuuma.

Ukishapata kazi na kutoa notisi, jiandae kwa jambo moja. Cheo kilichoshindikana mara mbili kinaweza kupatikana ghafla ndani ya siku mbili, na mshahara juu yake. Kabla hujajibu, tazama kama wanachobadilisha ni kazi yenyewe au ni kiasi tu. Fedha ikiongezeka na simu ya usiku ikabaki yako peke yako, utatamani kuondoka tena kabla mwaka haujaisha, safari hii bila ile barua ya kazi mpya mkononi. Wakileta mtu wa pili, mradi na tarehe, kwa maandishi, hapo pana cha kufikiria.

Ukiondoka, kabidhi vizuri, lakini ndani ya saa za kazi. Miaka saba haihamishiki kwa kukesha wiki nne. Watataka kukupigia simu baada ya hapo, na ni haki yao kuuliza. Kubaliana nao kabla ya siku ya mwisho: saa ngapi, kwa muda gani, kwa malipo gani, na kama mwajiri wako mpya anaruhusu. Weka tarehe ambayo baada yake hupokei simu tena. Na siku ya mwisho hakikisha kila akaunti, nywila na ufunguo uliokuwa nao kwenye mfumo wa malipo umefungwa, ukiwa na barua pepe ya mhusika inayothibitisha hivyo, ili hitilafu ya wiki inayofuata isiweze kuhusishwa na jina lako.